Kanga ina wenyewe

Kadiri umri unavyosogea ndivyo ninavyozidi kuwa mkali kwa namna watu wanavyovaa kanga. Zamani nilitazama rangi, ikinivutia basi. Sasa naanza na jina, nahamia kwenye pindo, naangalia kama imepita kwa fundi, naishia kwenye kitambaa chenyewe kama ni pamba au la. Nikiushika Mtaa wa Uhuru kutoka Mnazi Mmoja kuelekea Kariakoo, macho hayatulii. Wapo ndugu zangu wanaosema nimekuwa mchokozi, kwamba nguo ni ya mwenye nayo na aachwe avae atakavyo. Nimewasikia. Sikubaliani nao.

Kanga inasomwa. Anayepanda daladala nyuma yako anaisoma, mama aliyekaa barazani anaisoma, wifi yako ndiye anayeisoma kabla ya wote. Kuna msiba mmoja nilikwenda Ilala. Akaingia binti wa watu, amependeza, kanga mpya ya zambarau na njano, kajitanda moja na nyingine kajifunga kiunoni. Akainama mbele ya wafiwa kutoa pole. Alipogeuka kutafuta pa kukaa, mgongoni pakasomeka HASIDI HANA SABABU. Marehemu alikuwa ameugua muda mrefu, na ukoo ule tayari ulikuwa na minong'ono ya nani kamfanyia nani. Nilimwona dada wa marehemu akisoma taratibu, midomo ikimcheza, kisha akainua macho akamtazama mke wa kaka yake. Hakusema kitu. Mkeka mzima ulikaa kimya.

Yule binti hakuwa na kinyongo na mtu yeyote. Aliinunua kwa rangi, akaondoka nayo. Kwenye duka lilelile, kwa bei ileile, angepata SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU, na wafiwa wangeisoma wakapata la kushika. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba jina ni pambo. Ukilivaa umelisema, hata kama hukulisoma.

Pamba nayo ina maneno yake. Siku hizi vitambaa vya poliesta vimejaa sokoni vikiwa na pindo, mji na jina kama kanga, rangi zinang'aa kuliko za pamba. Vifunge kiunoni uone: vinateleza. Mbebee mtoto mgongoni, unatembea huku mkono mmoja unashikilia fundo. Jua la Dar es Salaam likikuwakia, jasho halina pa kwenda. Kanga ya pamba inafungika bila pini wala mkanda, na kila ikifuliwa inazidi kulainika. Ndiyo sababu mtoto mchanga anapokelewa kwa kanga iliyokwisha kuvaliwa, si ile iliyotoka dukani na wanga wake. Hilo la upindo nitalipitia haraka: doti likikatwa lipelekwe kwa fundi. Vyerehani vimejaa kwenye baraza za mitaa hiyohiyo, na kazi yenyewe haimalizi hata chai. Kuvaa kanga yenye nyuzi zinazoning'inia ni uvivu, sina jina jingine la kuuita.

Mimi nilifundwa na shangazi aliyekuwa kungwi, Gerezani. Hakuwahi kunipa somo la kukaa chini na kusikiliza. Alikuwa akitandika doti kitandani, ananiambia nisome, kisha ananiuliza: hii unaivaa ukienda wapi, na nani atakuwepo? Nikijibu ovyo anaikunja na kuirudisha sandukuni. Wazaramo wa mji huu wanamtoa mwali kwa kanga, wanamtandikia akanyage, wanamtunza kungwi kwa kanga. Mtu aliyekulia humo hawezi kuiona imegeuzwa juu chini akapita kama hajaona.

Ukali huu si wa kwetu peke yetu. Waskoti wana ile sketi yao ya kiume, ya miraba na marinda, na wapo wanaoweza kubishana usiku kucha kuhusu marinda yakae mbele au nyuma, na upindo uishie wapi kwenye goti. Nguo hiyo iliwahi kupigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1746, baada ya Waskoti wa milimani kushindwa vitani, na sheria ikafutwa mwaka 1782. Waliotishiwa kifungo kwa ajili ya nguo hawaivai kiholela wakiipata tena, na wajukuu wao wanarithi jicho hilo.

Sisi tuna yetu. Zanzibar, mwanamke mtumwa alivaa merikani, au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi ya buluu. Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria Aprili 1897, wanawake walioachiwa huru waliziacha nguo hizo wakanunua kanga, ili wakipita njiani wasijulikane tena kwa utumwa wao. Huku Tanganyika sheria ya kufuta utumwa ilikuja mwaka 1922. Kanga za mwanzo hazikuwa na maandishi; yalipokuja, mwanzoni yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo mwanamke wa mwanzo kuijali kanga aliijali kwa sababu ilimtambulisha kuwa ni mtu kamili, mwenye chaguo lake. Mtu akiniambia kwamba "hiki ni kitambaa tu," namfikiria huyo mwanamke na siku yake ya kwanza barabarani.

Hata hivyo kuna historia nyingine ya kukagua mavazi, nayo ilipita Kariakoo hapahapa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 ingekuwa marufuku kuvaa sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, pamoja na kutumia vipodozi vya kuchubua ngozi. Tarehe haikusubiriwa. Mwezi uleule wa Oktoba makundi ya vijana wa kiume yalijitwalia kazi ya kusimamia amri, yakawashambulia wanawake kwenye kituo cha mabasi Kariakoo, hadi polisi wakaingia kuyatawanya. Miaka hiyohiyo serikali ilikuwa ikiwashinikiza Wamasai waache lubega wavae suruali. Leo shuka za Kimasai zinauzwa mtaani hapo, na anazinunua Mchaga, Mmakonde na mtalii.

Nimewahi kuambiwa kwamba ukali wangu ni mdogo wake ule wa 1968. Nimelitafakari sana jambo hilo, kwa sababu linauma, na jibu langu ni hapana. Vijana wale walikuwa wanakagua mapaja ya wanawake, nguo ilikuwa kisingizio. Hawakuwa na la kumfundisha mtu wala la kumpa. Waliomzunguka mwanamke kituoni walitaka adhalilike mbele za watu, na kanga tangu mwanzo wake kazi yake ni kusitiri. Mwanamke anapochaniwa nguo, au akichafuka akiwa safarini, au mgonjwa anapoanguka hadharani, kinachotoka kwenye mkoba wa mama yeyote wa mji huu ni kanga. Anayemkosoa mwenzake kuhusu kanga awe ni mtu ambaye angeivua yake amfunike. Kama si hivyo, anyamaze.

Niliona ukosoaji wa namna hiyo karibu na makutano ya Uhuru na Msimbazi, saa ya watu kurudi nyumbani. Msichana anapita kasi na mfuko wa bidhaa kichwani, kajifunga kanga juu ya suruali, jina liko kichwa chini. Mama mmoja muuza karanga akaweka sinia lake juu ya ndoo.

"Mwanangu, hebu njoo."

Msichana akasogea, akidhani anaitiwa karanga. Mama akamsemea sikioni. Kisha akaivua kanga aliyojitanda mwenyewe, akainyoosha kwa mikono miwili iwe pazia, mgongo wake akiupa mikokoteni na bodaboda zilizokuwa zikipiga honi. Nyuma ya pazia lile msichana akafungua, akageuza, akafunga upya. Mama akamwekea sawa ncha ya pindo kwa vidole viwili, kama anayemtengeneza mwali.

"Ahsante, mama."

"Haya, sasa umesomeka. Fika salama."

Hakuna aliyesimama kutazama. Hakuna hata aliyejua kilichotokea, isipokuwa mimi niliyekuwa nangojea chenji yangu dukani.

Nimegundua pia kwamba simkaripii mgeni. Mzungu akijifunga kanga ufukweni na jina likapinda, namwachia, maana hakuna aliyemtandikia doti kitandani. Ukali wangu wote nauelekeza kwa wa kwetu: wapwa zangu, wafanyabiashara wetu, viwanda vyetu. Mfanyabiashara anayeagiza kanga kontena zima, jina limekosewa herufi na bado anaiuza, huyo ananikera kuliko binti wa Ilala. Yeye Kiswahili anakijua. Angeweza kukisoma kabla hajalipa. Na kiwanda kinachochapa jina la kejeli kwa sababu ndilo linalouzika, kikaacha majina ya kuombeana heri, nacho hakiwezi kusema kinampa mteja anachotaka; mteja ananunua kilichotundikwa.

Wasichana wanaoshona kanga kuwa magauni hawanisumbui sana. Mwenye kukata kwa akili, akaliacha jina likae mahali pake, ameiheshimu. Anayelipitisha katikati ya zipu likabaki nusu huku nusu kule, huyo namwita pembeni.

Basi ukienda Mtaa wa Uhuru, usikubali kuchagua kanga ikiwa imekunjwa. Mwambie muuzaji alitandike doti lote juu ya meza. Soma jina mara mbili, ujiulize nani atakuwa nyuma yako siku utakayolivaa. Kifikiche kitambaa kwa vidole, uulize bila aibu kama ni pamba tupu. Kisha mpelekee fundi apinde kabla hujatoka mtaani. Na wewe unayeijua kanga, ukimwona binti wa mwenzio ameikosea, usimpigie kelele wala usimpige picha. Msogelee, mwambie kwa sauti ya chini, umshikie pazia ageuze.