Ngao za Dhahabu na Ngao za Shaba

Katika habari za wafalme wa Bani Israili mna kisa kidogo ambacho wengi hukipita upesi, kwa kuwa kimewekwa baada ya mambo makubwa ya vita na ufalme. Kisa hicho ni cha ngao. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme katika Biblia chasimulia kwamba Nabii Suleiman (a.s.) alifanyiza ngao 300 za dhahabu, mbali na nyingine 200 zilizokuwa kubwa zaidi, akaziweka katika nyumba yake. Alipofariki, akatawala mwanawe Rehoboamu. Katika mwaka wa tano wa utawala wake akaja Shishaki, mfalme wa Misri, akachukua hazina za hekalu na za nyumba ya mfalme, na zile ngao za dhahabu akazichukua zote. Rehoboamu akafanyiza ngao za shaba mahali pake. Na kila alipokwenda hekaluni, walinzi walizibeba zile ngao za shaba, kisha wakazirudisha chumbani mwao.

Hebu fikiri juu ya msafara ule. Mfalme ni wa nasaba ya Daudi, hekalu ni lile lile, walinzi wamejipanga kama zamani, na shaba iliyosuguliwa vizuri nayo hung'aa juani. Mtu aliyesimama mbali asingeweza kutambua kwamba limebadilika jambo lolote. Lakini mfalme alijua, na walinzi walijua, na Mwenyezi Mungu, Ajuaye ya siri na ya dhahiri, alijua kwamba dhahabu imekwenda Misri.

Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu ya swali nililoulizwa darasani, hapa chuoni ugenini ninapofundisha. Tulikuwa tukizungumza juu ya neema ya Mungu na utii, nami nikasema kwamba neema hufuata utii kama kivuli kifuatavyo mtu. Kijana mmoja akasimama kwa adabu akasema: “Mwalimu, ikiwa ni hivyo, mbona Manase, aliyejaza Yerusalemu masanamu na damu ya wasio na hatia, alitawala miaka 55, kupita mfalme mwingine yeyote wa Yuda? Na mbona Yosia, mjukuu wake, aliyeyaondoa masanamu hayo, aliuawa Megido hali hajafika miaka arobaini?”

Nakiri kwamba sikuwa na jibu la kutosha siku ile. Nilimwambia angoje. Haya niyaandikayo ndiyo jibu langu kwake, na kwako ewe msomaji ambaye labda nawe umepata kuona wadhalimu wakistarehe na wema wakizikwa mapema, moyo wako ukauliza swali hilo hilo.

Kwanza yatupasa tuelewe ufalme ulikuwa nini kwa Bani Israili. Wazee wao walimwendea Nabii Samweli wakataka wawekewe mfalme ili wawe kama mataifa mengine. Mataifa mengine yalimhesabu mfalme kuwa ndiye sheria. Lakini kwa watu waliopewa Taurati, mfalme alikuwa chini ya sheria kama mchunga kondoo yeyote. Ufalme wake ulikuwa amana, na mwenye amana huulizwa. Kurani Tukufu yatufundisha hivyo hivyo inapoeleza kwamba Mwenyezi Mungu alimfanya Nabii Daudi (a.s.) kuwa khalifa katika nchi, na papo hapo akamwamuru kuhukumu baina ya watu kwa haki wala asifuate matamanio. Cheo na sharti vilitolewa pamoja. Atakaye cheo bila ya sharti lake ameomba kitu ambacho hata Daudi hakupewa.

Tena Kurani Tukufu yamtaja Taluti, aliyechaguliwa na Mungu kuwa mfalme ingawa wakubwa wa kaumu walimdharau kwa kuwa hakuwa na mali. Wafasiri wengi husema kwamba huyu ndiye Sauli. Wengine, kwa sababu ya jaribio la mto, humfananisha na Gideoni, ambaye Kitabu cha Waamuzi chasema kwamba alibakiwa na watu 300 tu baada ya kujaribiwa kwa maji. Vyovyote iwavyo, funzo ni moja. Jeshi lilijaribiwa katika jambo dogo kabisa, yaani kunywa maji, na wengi wakashindwa. Wachache waliotii katika dogo ndio waliopewa ushindi katika kubwa.

Sasa tumtazame Sauli kama anavyoelezwa na Biblia. Alikuwa mtu mrefu kuliko watu wote, mnyenyekevu hata siku ya kutangazwa kwake alijificha penye mizigo. Kisha akatumwa kupigana na Amaleki, akaamriwa asijichukulie chochote. Hatuna haja hapa ya kuijadili vita yenyewe. Tutazame jibu la mfalme. Aliporudi alikuwa amewabakiza kondoo na ng'ombe walio wazuri, na Agagi mfalme wao. Samweli alipomwuliza habari ya sauti za wanyama zile, Sauli alijibu kuwa ni watu waliowaacha, nao wamewaacha ili watolewe sadaka kwa Mungu. Tazama hila ya nafsi! Uasi umevikwa kanzu ya ibada, na lawama imetupwa kwa wafuasi. Samweli akamfahamisha kwamba kwa Mungu utii ni bora kuliko sadaka, na kwamba yeye amekataliwa asiwe mfalme.

Je, Sauli alishuka kitini siku ile? La hasha! Aliendelea kutawala, majeshi yakimtii na watu wakimwinamia. Ndani yake tu ndimo mlimokuwa mmebadilika. Amani ilimtoka, usingizi ukamkimbia, ikabidi atafutwe kijana wa kumpigia kinubi ili atulie. Na kijana huyo alikuwa Daudi. Sauli alikufa katika mlima wa Gilboa miaka mingi baadaye, lakini ufalme wake ulikuwa umekufa tangu siku ile aliposimama mbele ya Samweli akitoa udhuru.

Kinyume chake ni nyumba ya Daudi ilipokuwa ingali katika utii. Sisi hatukubali yale machafu ambayo wasimulizi wamemzulia Nabii Daudi (a.s.), wala yale ya kwamba Nabii Suleiman (a.s.) aliyaelekea masanamu uzeeni, Kurani Tukufu imekanusha waziwazi kwamba Suleiman alikufuru. Yale tuyajuayo ni mengine. Mtume Mtukufu (s.a.w.) ametueleza kwamba Daudi alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake mwenyewe, na kwamba saumu ipendezayo zaidi kwa Mungu ni saumu ya Daudi, aliyefunga siku moja na kufungua siku moja. Mfalme mwenye hazina, naye hutafuta riziki yake kwa jasho! Na Suleiman, alipokiona kiti cha enzi cha malkia wa Saba kimewekwa mbele yake, hakujisifu. Alisema kwamba hiyo ni fadhili ya Mola wake, ili ajaribiwe kama atashukuru au atakufuru neema.

Hapa pana ufunguo wa jambo lote. Nyumba ya Daudi iliamriwa kuitenda shukrani, wala si kuitamka tu. Shukrani ya ulimi ni rahisi. Hata ngao ya shaba hung'aa. Shukrani ya kazi ndiyo dhahabu.

Alipofariki Suleiman, mambo yakageuka. Kurani Tukufu yataja mwili uliowekwa juu ya kiti chake, na mahali pengine yataja mdudu wa ardhi aliyeila fimbo yake. Baadhi ya wafasiri wameeleza kwamba haya ni ishara ya mrithi asiyefaa: mwili juu ya kiti, bila ya roho, na utawala uliosimama kwa fimbo ambayo ndani yake imekwisha kuliwa. Ni nani asiyejua kazi ya mchwa? Nguzo huonekana nzima mpaka siku utakapoiegemea.

Siku hiyo ilikuja kule Shekemu. Watu walimwendea Rehoboamu wakamsihi awapunguzie nira nzito. Wazee waliomtumikia baba yake walimshauri awajibu kwa upole na kuwatumikia, nao watamtumikia siku zote. Vijana aliokua nao walimshauri awatishe. Akawasikiliza vijana. Makabila kumi yakamwacha, yakamtawaza Yeroboamu, na mkuu wa kazi za shokoa aliyetumwa kwao wakampiga mawe hata akafa. Hayo yalikuwa kiasi cha mwaka 930 kabla ya Masihi. Miaka michache baadaye akaja Shishaki, yule Shoshenq ambaye orodha ya miji aliyoishinda imechongwa hata leo katika ukuta wa hekalu la Karnak huko Misri. Dhahabu ikaenda, ikabaki shaba.

Basi, ewe kijana uliyeniuliza, turudi kwa Manase na Yosia. Kosa letu sote wawili lilikuwa moja: tuliipima neema kwa miaka. Kukaa muda mrefu kitini si dalili ya kupendwa, bali mara nyingine ni muhula. Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati chasema kwamba Manase alichukuliwa na Waashuri kwa pingu hata Babeli, na katika dhiki ile akanyenyekea na kumwomba Mungu, akarudishwa kwake. Kama ni hivyo, miaka ile mingi ilikuwa mlango wa toba ulioachwa wazi. Na Yosia alipewa miaka 31 tu ya kutawala, lakini katika siku zake kitabu cha sheria kilichosahauliwa kilipatikana hekaluni. Alipokisikia kikisomwa alirarua mavazi yake, akawakusanya watu wote, wakubwa kwa wadogo, wakisikie. Ni yupi kati yao aliyekuwa na dhahabu?

Tena zingatia kwamba Manase alikuwa mwana wa Hezekia, mfalme mwema aliyethubutu kuivunja hata ile nyoka ya shaba iliyosemwa kuwa ilitengenezwa na Musa, pale watu walipoanza kuifukizia ubani. Baba mwema akamzaa mwana mwovu, na kutoka kwa mwovu akatoka mjukuu mwema. Neema hairithiwi kama shamba. Nabii Ibrahimu (a.s.) alipowaombea wazao wake, alijulishwa kwamba ahadi ya Mungu haiwafikii walio madhalimu. Wafalme wa Yerusalemu walilisahau neno hilo, wakalitegemea hekalu na jina la Daudi, wala hawakumsikiliza Nabii Yeremia alipowaonya. Na karibu na mwaka 586 kabla ya Masihi mji na hekalu vikateketezwa kwa moto. Samaria ulikuwa umekwisha kuanguka kiasi cha miaka 135 kabla yake.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba haya ni ya wafalme tu. Kila mtu ni mchungaji, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Baba ni mtawala nyumbani mwake, mama katika malezi, mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Nami nitakuambia lililonipata mwaka huo huo wa swali la yule kijana. Kwa majuma mengi nilikuwa nikifundisha fadhila za Tahajjud, wanafunzi wakiandika kila neno, hali mimi mwenyewe nilikwisha iacha. Nilikuwa na udhuru mzuri: kazi za chuo ni nyingi, nazo ni kazi za dini. Usiku mmoja nikitayarisha somo la Sauli, kalamu ilinisimama mkononi. Udhuru wangu ulikuwa ule ule wa kondoo waliobakizwa kwa ajili ya sadaka! Hakuna aliyejua darasani. Somo lilisifiwa. Shaba ilikuwa imesuguliwa vizuri mno.

Basi na tujikague kabla ya kukaguliwa. Je, Sala yetu ni dhahabu, au ni desturi iliyoshika mahali pake? Je, sadaka zetu zatoka katika mali ya halali, au twataka kumpa Mungu kondoo aliotukataza kuwachukua? Je, tunapoonywa, twasema kwamba tumekosa, au twasema kwamba ni watu waliofanya? Rehoboamu angeweza kuacha kuzisugua zile ngao, akaenda hekaluni mikono mitupu, akalia. Mwenye kutubu hapungukiwi kwa Mola wake, kwani hazina Zake hazikuchukuliwa na Shishaki wala na mwingine yeyote.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoishukuru neema kwa vitendo, atulinde na kiti kisicho na roho na ibada isiyo na utii, na atusamehe yale ambayo watu hawayajui. Amin.