Mtu au Chombo?

Wazee wenzangu hunicheka. Husema haimfai mtu wa miaka 74, aliyekuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu na baadaye mwalimu mkuu, kukaa mbele ya televisheni akitazama watu wanaosafiri angani kwa merikebu za kubuni. Wao hutazama taarifa ya habari na mpira. Mimi huwajibu kwamba habari hunieleza yaliyotokea, lakini hadithi hunilazimisha kujiuliza ningefanya nini kama ningekuwa mimi.

Tamthilia za kifamilia nazo nazipenda, ila zina kasoro moja: tangu mwanzo mtazamaji huonyeshwa nani mwema na nani mbaya. Mama wa kambo akikunja uso tu, muziki hubadilika, nasi tukajua. Katika maisha muziki haubadiliki. Hadithi za sayansi, ukishazizoea taa zake na vifaa vyake vya ajabu, mara nyingi huuliza maswali ambayo hata watunzi wake hawana majibu yake.

Niipendayo zaidi ni Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuijua: ofisa wa mawasiliano katika merikebu ile, mwanamke mweusi aliyeigizwa na Nichelle Nichols, aliitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Lakini sehemu iliyonikosesha usingizi imo katika mfululizo wa baadaye, The Next Generation. Inaitwa "The Measure of a Man", nayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Februari 1989. Mimi niliitazama miaka mingi baadaye pamoja na mjukuu wangu, alipokuja likizo.

Kisa chenyewe ni hiki. Ndani ya merikebu yumo ofisa aitwaye Data. Ana umbo la mtu, lakini ni mashine iliyotengenezwa. Mtaalamu mmoja anataka kumfungua vipande vipande ajifunze namna ya kutengeneza wengi kama yeye. Data anakataa, na ili asilazimishwe, anajiuzulu. Mtaalamu anajibu kwamba chombo hakiwezi kujiuzulu, kwa kuwa ni mali. Shauri linafika mbele ya hakimu. Riker, rafiki yake Data, analazimika kuwa mwendesha mashtaka, maana akikataa Data atahesabiwa kuwa mali papo hapo. Basi anaifanya kazi hiyo kwa uaminifu: anaung'oa mkono wa rafiki yake mbele ya baraza, kisha anamzima kama taa.

Wakati wa mapumziko, nahodha Picard anazungumza na mwanamke mmoja mwenye hekima, naye anamkumbusha kwamba daima wamekuwapo viumbe waliofanya kazi ambazo wengine hawakuzitaka, wakatumiwa, wakatupwa, bila mtu kuuliza wanajisikiaje. Nahodha anarudi na kumwuliza yule mtaalamu: nini kinachomfanya kiumbe awe na nafsi? Anajibiwa mambo matatu: akili, kujitambua, na ufahamu wa ndani. Mawili ya kwanza Data anayo waziwazi. La tatu hakuna awezaye kulithibitisha, si kwa Data wala kwa jirani yako. Hakimu hasemi kwamba Data ana roho. Anasema tu kwamba aachwe huru kulitafuta jibu hilo mwenyewe.

Nilipowasimulia wenzangu barazani, mmoja wao alisema, "Mwalimu, mashine ni mashine tu, hata ikizungumza." Sina ugomvi naye. Siku hizi zipo mashine zinazojibu maswali kwa ufasaha, nami sidai kwamba zina roho. Nililomwuliza ni jambo jingine. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, hakuwa raia na hakuwa na haki ya kufungua kesi. Hapa kwetu soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Watu waliouzwa pale walisema, walilia, walisali. Ushahidi wa nafsi zao haukukosekana hata siku moja. Basi kilichokosekana ni nini? Naona kwamba mnunuzi hakushindwa kuona. Alikuwa na faida katika kutoona.

Hapo ndipo mjukuu wangu aliponiuliza, "Babu, sisi tuna Data wetu?" Aliuliza kwa mzaha, nami nilicheka. Usiku sikulala.

Kwa miaka tisa msichana mmoja alifanya kazi nyumbani kwangu. Alikuja angali mdogo. Aliwalea wanangu watatu, akawapikia uji kabla ya jua kuchomoza. Shuleni nilijivunia kuwaita wanafunzi zaidi ya 300 kwa majina yao kamili bila kutazama rejesta. Jina la baba yake msichana yule sikuliuliza. Wala sikuuliza kama alitamani kusoma, mimi niliyefundisha walimu namna ya kumtambua mtoto mwenye kiu ya elimu. Mtoto wangu wa mwisho alipokwenda shule ya bweni, nilimpa mshahara wa mwezi mmoja na nauli ya basi, nikaona nimetenda haki. Sikumpiga wala kumtukana. Nilimtumia, kazi ikaisha.

Ningeulizwa wakati ule kama yule ni mtu, ningekasirika. Bila shaka ni mtu! Kumbe mtu anaweza kulikubali jambo kwa ulimi na kulikana kwa miaka tisa ya mwenendo. Tangu hapo nimejiwekea kipimo kimoja: kila ninapoona ni rahisi kutomwuliza mtu habari zake, najiuliza kwanza napata faida gani nisipozijua.

Nimemwomba mke wangu akumbuke kijiji alikotoka yule binti. Anakumbuka wilaya tu. Mwaka huu nitakwenda huko kuuliza, ingawa nitaanza kwa aibu: nitawaambia watu namtafuta mtu ambaye jina lake nalijua nusu.