Siku ya Kuzurura

Alhamisi moja, saa tano asubuhi, mama alinipigia simu. Nilikuwa nimekaa kwenye Bustani ya Mimea, katikati ya Dar es Salaam, namtazama tausi akivuka njia taratibu kama mwenye nyumba.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Niko mjini, mama, nazungusha barua za kazi."

"Haya, Mungu akufungulie."

Bahasha niliiacha nyumbani. Huu ni mwaka wa pili tangu nihitimu, na siku hiyo niliamua kupumzika. Lakini asiye na kazi anapumzika kutoka wapi? Swali hilo ndilo lililonitia uongo mdomoni.

Tumelelewa tukijua kwamba kivuli ni malipo ya jasho. Nchi nayo ilitufunza hivyo: Uhuru na Kazi. Ilipokuja Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, waliokutwa jijini bila kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini. Walipewa jina ambalo bado linauma: wazururaji.

Hata bustani ile haikuanzishwa kwa ajili ya kukaa. Wajerumani waliifungua mwaka 1893 ili kujaribu mazao ya biashara. Kila mche ulitakiwa kujibu: una faida gani? Leo miti iliyopo inatoa kivuli tu, na hakuna anayeidai zaidi.

Mchana nilipanda daladala hadi Oysterbay, kwenye vibanda vya wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya vibarua vya kila aina, kisha akaanza kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akafa, walimdhania mhalifu. Nilisimama mbele ya picha ya chui mwenye macho ya kushangaa, nikawaza: kabla picha ya kwanza haijauzwa, jirani aliyempita akichora alimwonaje? Mtu wa kazi, au mtu anayepoteza muda?

Ningeweza kuishia hapo, nijifariji kwamba kila anayezurura ni msanii asiyejulikana. Huo ungekuwa uongo wa pili. Mimi sikuchora chochote. Na kama pumziko linahalalishwa na picha itakayozaliwa baadaye, basi tumerudi kulekule kwenye mche wa Mjerumani.

Jioni nilikaa Coco Beach na sahani ya mihogo ya kukaanga. Bahari haikuniuliza cheti. Nikaona kwamba kukaa kwangu hakukuwa kosa; mtu anahitaji kupumua hata kabla hajaajiriwa. Lakini nauli na mihogo vilitoka kwenye vitumbua vya mama, anayeamka saa kumi alfajiri na ambaye sijawahi kumwona amekaa ufukweni bila beseni. Haki ninayoidai kwa ajili yangu peke yangu, kwa gharama ya mwingine, na kwa kificho, inaanza kunuka upendeleo.

Nikampigia.

"Shikamoo mama. Leo sikutafuta kazi. Nilikwenda bustanini, sasa niko baharini. Nimekaa tu."

Akanyamaza. Nilisikia mafuta yakichemka upande wake.

"Marahaba. Huko baharini kuna upepo?"

"Upo, mama."

"Umekaa na nani?"

"Peke yangu."

"Basi siku nyingine," akasema, "useme mapema."