Dakika 90 za Mpira, Dakika 90 za Jikoni

Baba hurudi kutoka Mbaraki alikokwenda kuishangilia Bandari, akakuta pilau ya nyama imeshapakuliwa. Je, ni haki? Mpira ni dakika 90. Pilau nayo hutaka muda kama huo: nyama iive, vitunguu vikaangwe hadi viwe vyekundu, jira na iliki za Marikiti zitwangwe. Bandari ilipotwaa Kombe la FKF mwaka 2019, ushindi ulikuwa wa watu wote wa Mombasa. Mbona jasho la jikoni liwe la mmoja? Kupenda timu si kosa, wala kupenda nyama. Kosa ni kushiba bila kumwona aliyepika. Baba, menya vitunguu kabla hujaondoka. Mama, akikusimulia magoli, msikilize. Zungumzeni jambo hili leo mezani.