Hisani ya Mwizi

Wahenga wetu walisema kwamba hisani haiozi. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba mkono mtupu haulambwi. Kati ya methali hizi mbili pana swali zito la maadili: je, hisani itolewayo na mwizi kutokana na mali aliyoiiba ni wema, au ni sehemu ya wizi wenyewe? Ili tulijibu, na tuitazame Marekani ya karne ya 19, nchi iliyotajirika upesi kwa reli na viwanda, na ambamo pengo baina ya tajiri na maskini lilipanuka upesi vile vile.

Mjini New York, siasa ilishikwa na kundi la Tammany Hall, chini ya William Tweed. Jengo la mahakama ya mji huo, ambalo mwaka 1858 lilitengewa dola 250,000, hatimaye liligharimu zaidi ya dola milioni 12. Wakandarasi walidai malipo makubwa mno, na ziada wakagawana na wakubwa. Mwaka 1871 gazeti la The New York Times lilizianika hesabu hizo hadharani. Hata hivyo, Novemba ya mwaka huo huo wapiga kura wa eneo lake walimchagua Tweed tena kuwa mjumbe wa Seneti ya jimbo.

Ni rahisi kuwadharau wapiga kura hao. Lakini yafaa kwanza tujiulize walikuwa nani. Wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ireland na Ujerumani, waliosongamana katika majumba ya kupanga yasiyo na hewa wala mwanga. Baba akivunjika mkono kiwandani, fidia haikuwapo. Kazi ikikoma, posho haikuwapo. Aliyebisha hodi wakati wa baridi kali alikuwa mjumbe wa Tammany, na gunia la makaa ya mawe. Ndiye aliyemtafutia kijana kazi, na ndiye aliyemsemea mbele ya hakimu. Alichotaka ni kura tu.

Sasa tuulize: fedha ya makaa hayo ilitoka wapi? Ilitoka katika hazina ya mji, nayo hazina ilijazwa na kodi, ambazo wenye nyumba waliziongeza juu ya pango la wapangaji wao. Basi maskini alinunuliwa kwa fedha yake mwenyewe. Alirudishiwa kipande kidogo cha haki yake, kisha akatakiwa ashukuru.

Wako waungwana wa zama hizo waliodai kwamba rushwa ni ugonjwa wa maskini na wageni. Madai hayo hayana msingi. Mwaka 1872 ilifichuka kwamba mbunge Oakes Ames aliwauzia wabunge wenzake kwa bei nafuu hisa za Crédit Mobilier, kampuni iliyojenga reli kwa msaada mkubwa wa serikali. Hao hawakuwa na njaa, wala hawakukosa makaa.

Kadhalika, tumfikirie Andrew Carnegie, tajiri wa chuma cha pua, aliyegharimia maktaba zaidi ya 2,500 duniani. Mwaka 1892, huko Homestead, kampuni yake ilikata ujira na kukivunja chama cha wafanyakazi, na watu wakauawa katika mapambano na walinzi wa kukodiwa. Hatumwiti Carnegie mwizi kama Tweed. Lakini mfanyakazi wa tanuri aliyetoka kazini baada ya saa 12 angekisoma kitabu saa ngapi?

Hivyo twaona kwamba hisani ni kutoa kilicho chako, bila kumfunga mpokeaji kamba. Kumpa mtu kilicho haki yake ni kulipa deni. Na kumpa sehemu ya deni ukiliita zawadi ni kumdhulumu mara mbili: kwanza mali, kisha heshima.

Tweed alikufa gerezani mwaka 1878, lakini Tammany iliendelea kutawala kwa miongo mingi, kwa kuwa gereza halikumpa mjane makaa. Nguvu yake ilipungua kadiri haki zilivyoandikwa katika sheria: mitihani ya kuingia utumishi wa serikali kuu mwaka 1883, kura ya siri, iliyoenea majimboni tangu 1888, fidia kwa walioumia kazini, na sheria ya 1935 iliyoleta pensheni ya uzeeni na bima ya ukosefu wa kazi.

Kwa hiyo, mwalimu na mwanafunzi, tusikome katika kumlaani mpokeaji. Tuulize kwanza ni haki gani aliyonyimwa hata akaitafuta kwa mwizi. Lakini tusimsamehe pia kwa wepesi, maana auzaye kura yake huuza pamoja nayo fungu la jirani yake, ambaye hakuulizwa wala hakupata gunia.