Kutetea Usichokiamini

Katika mdahalo wa kujifunzia Kiingereza, mzungumzaji hachagui upande. Hupangiwa kuunga mkono hoja au kuipinga, na alama hutolewa kwa jinsi alivyosema. Sekondari za Tanzania, ambazo hufundisha kwa Kiingereza wanafunzi wengi waliosoma msingi kwa Kiswahili, zimelizoea zoezi hili. Siku hizi hufanyika pia kwa vikundi vya mtandaoni, na kijana wa Kilindoni, kisiwani Mafia, bando likiruhusu, anaweza kubishana na mtu wa nchi asiyowahi kufika. Je, anayetetea asichokiamini anasema uongo?

Jibu jepesi ni hapana. Hakuna uongo pasipo wa kudanganywa, na kwenye mdahalo kila msikilizaji anajua kuwa pande zimegawiwa. Ila shaka haiishii hapo. Mwaka 155 KK, Carneades, mwanafalsafa aliyetumwa Roma na Athens, aliitetea haki siku moja, na kesho yake akaibomoa. Cato Mzee, seneta wa Roma, alihimiza ujumbe huo wa Athens urudishwe kwao upesi. Kilichomtia hofu kilikuwa vijana wa Roma: watakuwaje wakishazoea kuona kila jambo linatetewa na kupingwa kwa ustadi ule ule?

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikwenda ndani zaidi. Katika sehemu ya elimu ya kitabu chake Ihya aliwawekea mafakihi wa zama zake masharti manane ya munadhara, yaani mjadala wa kielimu. Moja ni zito mno: katika kuutafuta ukweli, anayejadili awe kama aliyepotelewa na mnyama, asijali amemwona yeye au mwenzake. Mashindano yanalivunja sharti hilo waziwazi. Kwa somo la lugha hilo linavumilika, maana shabaha ni ulimi, lakini tabia ya kutaka kushinda haibaki darasani.

Tuseme hoja ni kwamba Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, imewanufaisha wavuvi. Mwanafunzi wa Jibondo, kisiwa kilichomo ndani ya hifadhi hiyo, ambaye baba yake anaishi kwa bahari, anapangiwa kuunga mkono. Maneno atayapata bila taabu: matumbawe, mazalia ya samaki, watalii wa kijijini Utende, yote yameshaandikwa kwa Kiingereza. Anayepinga ana kazi. Manung'uniko kuhusu nyavu zilizopigwa marufuku na maeneo yaliyofungwa husemwa pwani, kwa Kiswahili, nusu kwa mafumbo. Akiyasema kwa Kiingereza cha kutafutatafuta, yanapoteza uzito. Akishindwa, kilichoshindwa ni Kiingereza chake, na hoja ya wavuvi bado haijajibiwa. Hatari hiyo ni kubwa kuliko ile ya uongo: wasikilizaji, naye mwenyewe, wakauona ufasaha kuwa ndiyo haki. Heri mwamuzi atenge alama za lugha na uzito wa hoja, kisha kila mmoja apewe nafasi ya kusema anachokiamini, hata kwa Kiswahili.

Faida nayo ipo. Yule wa Jibondo amelazimika kuzijua sababu za katazo ambalo nyumbani hulisikia likilaaniwa tu, na hakuna aliyemtaka akubaliane nalo.

Sharti jingine la Al-Ghazali lilikuwa faragha, kwa kuwa hadhira kubwa huchochea riya, yaani kujionyesha. Darasa dogo la mtandaoni linaonekana kulitimiza: hakuna makofi wala vigelegele. Lakini mijadala hurekodiwa, na kipande cha sauti husafiri. Mahali ambapo si adabu kijana kumpinga mzee mbele za watu, kipande hicho kinaweza kumfikia baba, jirani akimfasiria nusunusu, bila kumwambia kwamba upande ule mwanawe alipangiwa. Hapo lile jibu jepesi linakosa nguzo yake, kwani aliyesikia hakujua kuwa ule ulikuwa mdahalo.