Hisabu Haiishi kwa Ripoti

Twawakumbusha ndugu zetu, na nafsi zetu kabla yao, jambo ambalo limekuwa jepesi machoni petu kwa sababu tumelizoea.

Wengi wetu watu wa Mwambao twaijua Kambu kwa kuipita tu. Basi la Nairobi likishaiacha Mtito Andei, kabla halijafika Kibwezi, huonekana maduka pande mbili za barabara na watu wa Makueni wakiuza walichojaaliwa. Nchi ile ni kavu. Mvua ya vuli ikikosa, mahindi hukosa. Na mahindi yakikosa, gunia moja huwa si bidhaa tena bali ni roho za watoto. Ndiyo sababu tumeanza na Ukambani, kwani huko watu wajua vyema kuliko sisi maana ya mali ya umma kuliwa.

Mwaka 1965 mvua ilikosekana na mahindi yakaadimika katika Kenya, hata yakaagizwa ya manjano kutoka Marekani. Watu wakasema kwamba wako waliochuma faida katika njaa ile. Serikali ikaweka tume ya uchunguzi chini ya Jaji Chanan Singh. Waziri wa ushirika na uuzaji wa mazao alikuwa Paul Ngei, kiongozi mkubwa wa Wakamba, aliyefungwa pamoja na Jomo Kenyatta katika kesi ya Kapenguria. Biashara ya mahindi ya duka la mkewe ikatajwa katika uchunguzi. Mwaka 1966 akasimamishwa kazi, ripoti ikatolewa. Kisha akarudishwa katika baraza la mawaziri.

Mwaka 1975 mahakama ikamtia hatiani kwa kosa la uchaguzi, kosa la kumfungia mtu mlango wa Bunge kwa miaka 5. Bunge likafanya nini? Likaibadilisha Katiba, ili Rais apate uwezo wa kusamehe makosa ya uchaguzi. Naye akasamehewa, akarejea katika kiti chake.

Hatusemi haya kumsengenya maiti. Bwana yule alifariki mwaka 2004, na mateso aliyoyaonja kwa ajili ya uhuru hayafutiki. Twalisema Bunge. Nyumba iliyojengwa ili kuuliza iligeuka kuwa nyumba ya kufungulia pingu, na waliokuwa ndani yake walitumwa na watu, wakiwamo walioshinda na njaa miaka 10 nyuma.

Sasa tutazame mafundisho yetu. Bukhari ametupokelea kisa cha Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume (S.A.W.) alimtuma kukusanya zaka za Bani Sulaim. Aliporudi, Mtume alimhasibu. Mtu yule akaigawa mali mafungu mawili: hili ni lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume akamwuliza mbona hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Kisha akasimama mbele ya watu, akamhimidi Mwenyezi Mungu, akaueleza umma wote jambo hilo, akaonya kwamba atwaaye kitu bila ya haki atakuja Siku ya Kiyama amekibeba, akiwa ni ngamia au ng'ombe au mbuzi analia.

Ndugu, zingatieni. Alimhasibu mara tu aliporudi, si baada ya miaka. Na hisabu haikuishia chemba; ilipelekwa mbele ya watu, kwa kuwa mali ilikuwa yao. Ripoti iliyofungwa kwa utepe na kuwekwa kabatini haijahasibu mtu. Ni karatasi.

Wako wasemao kwamba Mabunge yetu hayawezi zaidi ya hayo. Twawajibu kwa jirani. Mwaka 2006 Tanzania ilipatwa na ukame, mabwawa yakapungua maji, na umeme ukawa haba. Mkataba wa mitambo ya dharura ya megawati 100 ukapewa kampuni ya Richmond, ambayo ilishindwa kutimiza ahadi. Bunge la Dodoma likaunda kamati teule ya wabunge 5 chini ya Dakta Harrison Mwakyembe. Kamati ilisoma ripoti yake Bungeni mwezi wa Februari 2008, na mnamo tarehe 7 Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu, pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Rais akalivunja baraza lake la mawaziri. Na wengi waliouliza walikuwa wa chama kile kile kilichotawala! Hilo ndilo lililotustaajabisha.

Walakini tusiipambe habari hiyo. Bwana Lowassa alilalamika kwamba kamati ilimtaja bila ya kumhoji, na lalamiko hilo si dogo katika sheria yetu. Sayyidna Ali alipotumwa Yemen kuwa kadhi alifundishwa asihukumu mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Mwenye kuuliza kwa haki haogopi kusikiliza. Tena mkataba ule ulikuwa umekwisha kuhamishiwa kampuni ya Dowans, na mwaka 2010 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliiamuru TANESCO kuilipa Dowans kiasi cha shilingi bilioni 94. Mawaziri walikwenda zao, na deni likawabakia wananchi.

Sasa twarudi kwetu, na hapa ndipo penye uchungu. Ramadhani ikiingia, huja gari la Mheshimiwa na katoni za tende, sukari na mchele. Mwandishi wa maneno haya naye amepokea. Mwaka mmoja tulipotaka kumwandikia mbunge wetu, tumwulize kwa nini kiti chake kilikuwa kitupu siku Bunge lilipojadili habari ya fedha zilizopotea, mzee mmoja alituambia, "Wanangu, tutamwulizaje na tende zake tumezila?" Hapakuwa na aliyemjibu, na barua haikuandikwa. Ibn al-Lutbiyya alipokea zawadi akiwa mtumishi. Sisi twaipokea tukiwa ndio wenye mali. Sijui ni lipi baya zaidi.

Wala hatuna udhuru wa kukosa njia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 229, yamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atoe ripoti zake katika miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Bunge au baraza la kaunti lizijadili na kuchukua hatua katika miezi 3 baada ya kuzipokea. Kifungu cha 119 champa kila mtu haki ya kupeleka ombi lake Bungeni. Wale tunaowapita kwa basi walikwisha kujaribu: mwaka 2014 wananchi wa Makueni walikusanya saini kutaka serikali ya kaunti yao yenyewe isimamishwe, kwa ajili ya ugomvi wa Gavana na baraza la kaunti. Tume ya Mohammed Nyaoga iliwasikiliza mwaka 2015. Rais hakuisimamisha kaunti ile, lakini waliulizana mchana, mbele ya watu.

Basi Alkhamisi hii baada ya isha, badala ya darasa ya kawaida, tutasoma kurasa za Mkaguzi zinazohusu kaunti yetu, na kuandika ombi moja, fupi, lenye majina yetu. Ajaye aje na miwani yake, maana maandishi ni madogo. Na tende za futari ya Ramadhani ijayo tumeafikiana kuzinunua wenyewe. Mchango unapokewa kuanzia sasa.